Mtoto wa Nani? Ulezi, Wajukuu na Stahiki za Serikali katika Kibaha na Kisarawe

Mgeni akiingia katika kitongoji cha Kisarawe au cha Kibaha, akamkuta mtoto akicheza uani, huuliza swali la kawaida: "Mtoto huyu ni wa nani?" Mara nyingi mwenyeji hujibu kwa maneno mawili badala ya moja. Atasema, "Ni wa marehemu fulani, ila yuko kwa bibi yake." Katika jibu hilo fupi mna mambo mawili ambayo wazee wetu walijua kuyatenganisha, yaani kuzaliwa na kulelewa. Mtoto ana nasaba yake, nayo haifutiki. Tena ana mlezi wake, naye hasahauliki.

Insha hii inakusudia kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana na Serikali, tangu ilipokuja kuhesabu nyumba ili itoze kodi, hadi ilipokuja kuhesabu watoto ili itoe ruzuku. Huenda mtu akadhani kwamba hayo ni mambo ya makarani na mafaili tu, hayana uzito katika historia ya utamaduni wetu. Sivyo. Matibabu ya mtoto, daftari lake la shule, na fungu lake katika mafao ya marehemu hutegemea neno moja ambalo karani ataliandika mbele ya jina lake. Neno hilo likiwa "mtoto", mlango hufunguka. Likiwa "mjukuu" au "wa kulea", aghalabu mlango hufungwa. Yafaa basi tuujue mlango huo ulitoka wapi.

Malezi katika mila

Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya Kisarawe, na Wakwere, wanaokaa Kibaha na Bagamoyo, ni miongoni mwa jamii za mashariki ya Tanzania ambazo tangu kale zilihesabu ukoo kwa upande wa mama. Wenzao katika jambo hili ni Waluguru, Wakutu na Wakaguru. Katika jamii hizo mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika mambo yake. Kwa hiyo kifo cha baba, ingawa kilikuwa msiba mzito, hakikumwacha mtoto bila watu. Ukoo ulikuwa pale pale, na bibi mzaa mama alikuwa mlango wa ukoo huo.

Hata wazazi wakiwa hai, halikuwa jambo la ajabu mtoto aliyeachishwa ziwa kupelekwa kwa bibi. Huko alipata malezi yaliyochanganya mapenzi na utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", na ile heshima kali iliyopo baina ya mzazi na mwana hulegezwa kidogo ili mtoto apate pa kusemea. Mafunzo mengi ya ukoo, miiko, majina ya mababu na hadithi za jioni, yalipita katika njia hiyo. Wahenga waliposema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hawakuwa wakimdharau mzazi. Walikuwa wakimpa mlezi haki yake.

Dini ya Kiislamu, iliyoenea katika nchi hii ya pwani, ilikuja na kanuni zake. Kurani inafundisha kwamba watoto wa kupanga waitwe kwa majina ya baba zao. Kumlea yatima ni ibada kubwa, bali kumbadilisha nasaba ni kosa. Katika mirathi, mtoto wa kulea hana fungu, na mjukuu aliyefiwa na baba huzuiwa na ami zake walio hai. Lakini mlango haukufungwa kabisa, kwa kuwa mwenye mali anaweza kumwusia asiyekuwa mrithi, mradi wasia usizidi theluthi moja ya mali. Twaona hapa tena ule utengano: jina libaki kwa aliyezaa, na wema utoke kwa anayelea. Mila na dini zilitofautiana katika mengi, lakini katika jambo hili zilikaribiana sana.

Dola inapoanza kuhesabu

Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa dola kutaka kujua, nyumba kwa nyumba, ni nani anakaa wapi. Lakini haikuuliza habari za watoto. Ilihesabu paa na kumtafuta mwenye paa alipe. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam, na kufikia mwaka 1907 reli ilikuwa imefika Morogoro kwa kupitia Pugu, Soga na Ruvu. Kodi ilimlazimu kijana atafute fedha, na reli ikampeleka zilipo. Tangu hapo Kisarawe na Kibaha zikawa nchi za watu wanaokwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, bandarini, relini na majumbani. Watoto wakabaki na bibi. Jambo ambalo lilikuwa hiari ya mila likaanza kuwa lazima ya uchumi.

Waingereza walileta mambo mawili mengine. La kwanza ni sheria ya kuandikisha vizazi na vifo, ya mwaka 1920, ambayo kwa muda mrefu haikuwalazimisha Waafrika. Matokeo yake ni kwamba vizazi vizima vya Waafrika vilizaliwa na kufa bila karatasi. La pili ni Sheria ya Kuasili Watoto ya mwaka 1953. Kuasili maana yake ni kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kwa amri ya mahakama, hata haki na wajibu wa wazazi waliomzaa zikome na kuhamia kwako. Inafaa wanafunzi wetu wajue kwamba Uingereza yenyewe haikuwa na sheria ya namna hii hadi mwaka 1926. Kabla ya hapo, huko nako, watoto walilelewa na shangazi, bibi na majirani bila ya hakimu kuulizwa. Sheria hiyo haikuwa desturi ya kale ya Wazungu iliyotufikia. Ilikuwa chombo kipya, kilichotengenezwa kwa ajili ya miji yao na mahitaji yao.

Chombo hicho hakikupata watumiaji wengi katika vijiji vyetu, na sababu yake si ujinga. Mtu wa Maneromango hakuona haja ya kumwomba hakimu ruhusa ya kumlea mwana wa dada yake. Wala hakutaka kukata uzi unaomfunga mtoto na wazazi wake. Yeye alitaka kulea, si kunyang'anya.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitoa Tamko la Sheria za Mila, ili zile mila nyingi za makabila zipate kuwa na umbo moja mahakamani. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, nayo ilitokana na nia ya kujenga taifa. Lakini tamko hilo lilijengwa hasa juu ya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na kwa hiyo mila za watu wa ukoo wa mama hazikupata nafasi kubwa humo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilileta nuru nyingine. Iliipa mahakama uwezo, pakiwapo sababu ya pekee, wa kumkabidhi mtoto kwa ndugu asiyekuwa baba wala mama.

Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilianza kuwa mtoaji. Kibaha ni mfano mzuri. Mwaka 1963 mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulianzishwa huko, ukaleta shule, kituo cha afya na mafunzo ya kilimo. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali yetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Huduma hizo ziliwafikia watu bila ya kuuliza nasaba. Mtoto aliyeugua alitibiwa, awe wa kuzaa au wa kulea.

Mafao ya fedha yalishika njia nyingine. Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya mwaka 1964, na baadaye, mwaka 1997, nafasi yake ikachukuliwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mifuko hii ilikuwa ya wenye ajira. Mkulima wa korosho na muhogo wa Kisarawe hakuwa na mfuko. Mfuko wake ulikuwa ukoo wake. Hivyo nchi moja ikawa na mizani mbili. Mtoto wa mfanyakazi aliandikwa katika fomu, na mtoto wa mkulima aliandikwa katika kumbukumbu za watu.

Hata hivyo, kumbukumbu hizo zilipata chombo. Tangu miaka ya 1960, mabalozi wa nyumba kumi walijua kila kaya inakula nini na inalala na nani. Baada ya Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, kijiji kikawa na halmashauri yake na mkutano wake. Neno "kaya" likawa neno la utawala. Tulishike neno hilo, maana ndilo litakalotufikisha Kibaha tena.

Jaribio la Kibaha

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa nchini, mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulienea, nao uliwachukua hasa watu wa umri wa kuzaa na kufanya kazi. Katika kaya nyingi kizazi cha katikati kikatoweka. Wakabaki wawili waliokuwa wakitaniana: bibi na mjukuu. Lakini sasa mmoja hakuwa na nguvu tena, na mwingine alikuwa hajazipata.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana zaidi kwa jina la TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwanzoni ulishughulika zaidi na miradi ya vijiji, kama vile madarasa, zahanati na visima. Kisha likaja wazo la kuipelekea kaya maskini fedha mkononi, na wilaya tatu zikachaguliwa kwa majaribio: Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilihusika. Katika vijiji 40 malipo yalianza mwaka 2010, na vingine 40 vikasubiri ili tofauti ipimwe. Kiwango kilikuwa sawa na dola 3 za Marekani kwa mwezi kwa mtoto yatima au aliye katika mazingira magumu, na dola 6 kwa mzee wa miaka 60 au zaidi. Fedha zililipwa kila baada ya miezi miwili, na kaya haikupata chini ya dola 12 wala zaidi ya dola 36 kwa malipo ya mara moja. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mwenye umri wa shule ahudhurie masomo, na mzee apimwe afya.

Msomaji atazame jambo lililo muhimu zaidi kuliko hesabu hizo. Waliochagua kaya zinazostahiki walikuwa wanakijiji wenyewe, kwa kamati yao na mkutano wao. Swali walilouliza halikuwa "nani alimzaa mtoto huyu?" bali "mtoto huyu yuko katika kaya gani?" Bibi hakudaiwa amri ya Mahakama Kuu ili mjukuu wake ahesabiwe. Ilitosha kwamba mtoto analala hapo, anakula hapo, na kijiji kinajua. Kwa mara ya kwanza fedha za Serikali zilipita katika njia ile ile ambayo malezi yetu yalikuwa yakipita tangu zamani.

Matokeo yalipopimwa, ilionekana kwamba fedha hizo chache hazikupotea ovyo. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilinunua viatu vya watoto, na ziliongeza mifugo midogo kama kuku. Mpango huo ulipanuliwa nchini kuanzia mwaka 2012 kwa jina la Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa mwaka 2020. Huko Zanzibar, Serikali ya Mapinduzi ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Nayo, japokuwa iliandikwa kwa jina la mzee, mjukuu aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo hakukosa kuuona unga wake.

Milango inayodai hati

Lakini si kila mlango hufunguliwa kwa neno la kijiji. Mafao ya urithi katika mifuko ya wafanyakazi hutolewa kwa mjane au mgane, na kwa watoto hadi umri wa miaka 18, au 21 wakiwa masomoni. Sheria ya mwaka 1999 ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilimwezesha mwanachama kumwandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, na waliokusudiwa ni watoto na wazazi. Mwanafunzi yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi vilivyothibitishwa. Katika milango yote hiyo, kulea peke yake hakutoshi. Kunatakiwa karatasi.

Nakumbuka kisa kimoja. Nilikuwa kijana katika ofisi moja ya wilaya, na mezani kwangu akaja mzee mmoja mtumishi, aliyekaribia kustaafu. Alikuwa akimlea mjukuu wake tangu binti yake alipofariki wakati wa kujifungua. Alitaka mtoto aandikwe miongoni mwa wategemezi wake. Fomu ilikuwa na nafasi ya mke na nafasi ya watoto. Ya wajukuu haikuwapo. Mimi, kwa huruma ya kijana, nikamnong'oneza, "Babu, andika tu kwamba ni mwanao, nani atajua?" Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nikiandika hivyo nitakuwa nimemzika binti yangu mara ya pili." Akakunja karatasi yake, akaaga, akaenda zake.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hicho kama mfano wa ukali wa fomu. Siku hizi nakisimulia kama mfano wa upungufu wangu mwenyewe. Nilimshauri mzee aseme uongo, kwa sababu sikuijua njia ya kweli. Wala sikuitafuta.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa Serikali. Fedha za mafao ni za wengi, na mlinzi wa fedha za wengi hana budi kuuliza. Kama kila mtu angeweza kumwandika amtakaye, baada ya muda mfupi mfuko ungekuwa mtupu, na wa kwanza kukosa angekuwa yatima asiye na mtetezi. Hati si adui wa utu. Kosa liko pale hati inapodaiwa na mtu hakuelezwa ataipata wapi, au pale inapomlazimisha achague baina ya kumlisha mtoto na kumtunzia jina lake.

Wajibu wetu

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta ile ya mwaka 1953 na kukusanya pamoja mambo mengi yaliyokuwa yametawanyika. Kwa mujibu wake, anayetaka kuasili huomba Mahakama Kuu, na maofisa wa ustawi wa jamii huchunguza hali ya mtoto na ya mwombaji. Ndugu wa mtoto nao hawakusahauliwa. Lakini sheria hiyo ina njia nyingine iliyo karibu zaidi na mila zetu: ndugu anayemlea mtoto anaweza kuiomba mahakama impe ulezi wake. Ulezi huo haumfuti aliyezaa, wala haumgeuzi bibi kuwa mama. Unamtambulisha tu mbele ya watu na ofisi kwamba huyu ndiye anayelea. Kwa wengi wa Kisarawe na Kibaha, Waislamu na Wakristo, njia hiyo haivunji mila wala imani.

Tusidanganyane, ulezi haumpi mtoto kila haki anayopata mtoto wa kuasiliwa, wala haumwingizi katika kila fomu. Hata hivyo ni msingi. Juu yake hujengwa mengine: cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa majina ya kweli ya wazazi, vyeti vya vifo vinavyotafutwa mapema kabla mashahidi hawajapungua, jina la mtoto katika daftari la kaya kijijini, na wasia ulioandikwa na mwenye mali angali hai na akili yake timamu. Mtoto mwenye hayo hatasimama mbele ya dirisha akiwa mikono mitupu.

Hapa ndipo walimu wanapohusika. Mwalimu ndiye mtumishi wa umma anayemwona mtoto kila siku. Yeye hujua ni nani anayekuja kikao cha wazazi akiwa na mvi, na ni nani asiyekuja kabisa. Akimwuliza mwanafunzi wa kidato cha kwanza kama ana vyeti, bado pana miaka sita ya kuvitafuta kabla ya mlango wa chuo. Akiuliza katika kidato cha sita, amechelewa. Nanyi wanafunzi, msione haya kujiandika kwamba mlezi wenu ni bibi au babu. Hakuna aibu katika neno hilo. Taifa hili limelelewa kwa sehemu kubwa na neno hilo.

Tumeona kwamba dola ilianza kwa kuhesabu paa ili itoze, ikaja ikahesabu ajira ili ilipe, na mwisho, huko Kibaha, ikahesabu kaya ili isaidie. Kila ilipokaribia swali la wazee wetu, analelewa na nani, ilikaribia pia wale walio wanyonge zaidi. Lakini swali jingine, mtoto wa nani, nalo lina heshima yake, maana ndani yake mna majina ya marehemu wetu. Kazi iliyobaki kwa wanaotunga sheria, na kwa sisi tunaozijaza fomu, ni kuhakikisha kwamba mtoto anaweza kuyajibu maswali yote mawili kwa kweli, asipungukiwe na kitu.

Yule mzee sikumwona tena. Kama mjukuu wake yu hai, sasa ni mtu mzima, na huenda ana watoto. Natumaini kwamba mtu fulani, katika ofisi fulani, alimpa babu yake jibu lililo bora kuliko langu.